Dundu wa Dhahabu: Magari Mawili kwa Jina Moja

Yeyote anayekusudia kulirudishia gari la kale umbo lake la asili hana budi kuthibitisha kwanza ni gari gani analolishughulikia. Jambo hilo laonekana jepesi, lakini mfano wa Scarabée d'Or, yaani Dundu wa Dhahabu, waonyesha ugumu wake.

Jina hilo lilipewa magari mawili ya Citroën. La kwanza lilikuwa miongoni mwa matano yaliyoondoka Touggourt, nchini Algeria, tarehe 17 Desemba 1922 na kuingia Timbuktu tarehe 7 Januari 1923. La pili liliongoza magari manane yaliyotoka Colomb-Béchar tarehe 28 Oktoba 1924, yakapitia Niger, Chad, Ubangi-Shari na Kongo ya Mbelgiji katika ile safari iliyoitwa "Safari Nyeusi". Yote mawili yaliendeshwa chini ya Georges-Marie Haardt, nayo yalibeba alama ya mdudu yule yule. Mrekebishaji asiye mwangalifu, akitumia picha isiyo na tarehe, aweza kulivika gari la jangwani vifaa vya gari la msituni.

Kilichoyatofautisha magari haya na mengine ya zama zao ni sehemu ya nyuma. Badala ya magurudumu mawili, palikuwa na mikanda ya mpira isiyo na mwisho, iliyobuniwa na Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyesimamia karakana ya magari ya Tsar Nicholas II. Kégresse alitaka gari la mfalme lipite juu ya theluji. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirejea kwao, naye André Citroën akaupeleka uvumbuzi huo mchangani. Injini ilikuwa ile ya motokari ya kawaida aina ya B2, yenye ujazo wa sentimita 1,452 tu.

Ni mikanda hiyo hiyo inayomtesa mtafiti wa leo. Chuma hudumu, hata kikiwa na kutu. Mpira hukauka, hupasuka, na mwishowe humomonyoka. Basi mkanda unaozunguka leo chini ya gari la namna hii, kwa kawaida, si ule uliokanyaga mchanga wa Sahara. Bodi nayo ina fumbo lake. Citroën ilionyesha B10, gari lake la kwanza lenye bodi ya chuma kitupu, mwezi wa Oktoba 1924, wakati msafara ulipokuwa ukiondoka. Bodi za B2 zilikuwa bado za mbao zilizofunikwa bati. Anayetengeneza upya kwa chuma peke yake anasahihisha historia badala ya kuihifadhi. Wanafunzi wa ufundi wa Ufaransa waliojenga nakala ya gari la 1922, karibu na mwaka wa 2019 Citroën ilipotimiza miaka 100, waliona heri kulipima gari lenyewe kwa mionzi kuliko kuziamini picha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Maandishi yapo, tena mengi: kitabu cha Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, filamu ya Léon Poirier ya 1926, michoro ya Alexandre Iacovleff. Lakini yasomwe kwa tahadhari. Safari hii ilikuwa pia tangazo la biashara, la mtu yule yule ambaye mwaka 1925 aliliwasha jina lake kwa taa juu ya mnara wa Eiffel. Wenyeji waliofyeka njia na kuvusha magari mitoni wamo katika picha hizo, aghalabu bila majina, ilhali kila gari lina lake: Pégase, Centaure, Colombe.

Kwa watafiti wa Kongo, hata hivyo, iko faida moja. Baada ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, msafara ulifika Kampala, ukagawanyika mara nne: kundi moja likaelekea Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu, la Haardt mwenyewe, Msumbiji, na la nne Cape Town. Tangu hapo kila gari lilikuwa na ajali zake na viraka vyake. Picha zilizopigwa kabla ya mgawanyiko huo, zikiwemo za Kongo, ndizo zinazomwezesha mrekebishaji kuyalinganisha magari yote manane katika hali moja ya safari.