Vipimo vya damu vinavyomlinda mgonjwa wa kisukari

KISUKARI ni miongoni mwa magonjwa yanayoweza kumdhuru mtu kwa miaka mingi bila kumtia maumivu. Mgonjwa anaweza kujiona mzima, akafanya kazi na kulala vizuri, kumbe sukari iliyozidi katika damu inaendelea kuharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Ndiyo maana wataalamu wa tiba husisitiza kuwa maendeleo ya mgonjwa yafuatiliwe kwa vipimo na si kwa namna anavyojisikia tu.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni kile cha tone la damu la kidoleni. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo la kawaida ni sukari ya kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita kabla ya kula. Hata hivyo, kipimo hiki hueleza hali ya saa ile tu. Mgonjwa aliyeacha chai ya sukari na vitumbua siku mbili kabla ya kwenda kliniki anaweza kupata jibu zuri, ilhali wiki zilizotangulia zilikuwa mbaya.

Kasoro hiyo hurekebishwa na kipimo kiitwacho HbA1c. Sukari iliyo katika damu hujishikiza kwenye himoglobini, iliyomo ndani ya chembechembe nyekundu za damu. Kwa kuwa chembechembe hizo huishi takriban siku 120, kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na mgonjwa halazimiki kufunga kula ili apimwe. Watu wazima wengi hushauriwa kubaki chini ya asilimia 7, ingawa wazee na wale ambao sukari yao hushuka ghafla huweza kuwekewa lengo la juu zaidi. Hupimwa walau mara mbili kwa mwaka, au kila miezi mitatu endapo matibabu yamebadilishwa.

Umuhimu wa kudhibiti wastani huo ulithibitishwa na tafiti kubwa. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari kwa makini walipata madhara machache ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 1998, utafiti wa Uingereza ulionyesha manufaa ya namna hiyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili.

Hata hivyo, HbA1c inaweza kupotosha. Kwa mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ulioenea katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, chembechembe nyekundu hufa mapema, hivyo jibu huweza kuwa la chini kuliko hali halisi. Kuongezewa damu karibuni na baadhi ya aina za upungufu wa damu pia huvuruga matokeo. Mwenye historia hiyo anapaswa kumweleza daktari kabla ya kupimwa.

Figo nazo huchunguzwa walau mara moja kwa mwaka kwa kupima kreatinini, taka ambayo figo nzima huichuja kutoka katika damu. Kiwango hicho hutumika kukadiria kasi ya uchujaji. Ikibaki chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, mgonjwa huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Ikishuka chini ya 30, dawa ya metformin husitishwa. Kwa kuwa kreatinini huweza kuchelewa kupanda, mkojo nao hupimwa ili kutafuta protini ya albumini, ambayo mara nyingi hutangulia kuonyesha dalili.

Kipimo cha lehemu hufuata, kwa sababu kisukari huongeza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Anayetumia metformin kwa miaka mingi huweza pia kupimwa vitamini B12, ambayo ikipungua husababisha ganzi inayofanana na ile ya kisukari.

Pamoja na hayo yote, hakuna kipimo cha damu kinachoona kidonda kilicho chini ya unyayo wala mishipa iliyoharibika ndani ya jicho. Macho na miguu huhitaji kukaguliwa kila mwaka. Mgonjwa anayetunza majibu yake yote katika daftari moja humwezesha daktari kuona mwelekeo wa ugonjwa mapema, kabla figo au jicho halijapotea.