Je, sauti iliyobanwa huchosha masikio?

Waamini wengi husikiliza mahubiri kanisani siku ya Mungu, kisha wanayarudilia kwenye simu. Wengine husema kwamba sauti ya simu huwachosha kwa sababu “imebanwa”. Neno hilo lina maana mbili, na inafaa kuzitenganisha.

Kwanza kuna kubana faili. Sauti ya CD hutumia kilobiti 1.411 kwa sekunde moja. MP3 ya kilobiti 128 ni ndogo karibu mara 11. Kinachoondolewa ni hasa kile ambacho sikio halitambui kwa urahisi. Faili ikitengenezwa vizuri, wasikilizaji wengi hawaoni tofauti. Lakini ikibanwa kupita kiasi, au ikibanwa tena na tena, sauti za s, f na sh huharibika, na maneno hayasikiki wazi.

Pili kuna kubana nguvu ya sauti: sauti ndogo hupandishwa na kubwa hushushwa. Kwa kiasi, jambo hili humsaidia msikilizaji wa redio, kwa kuwa mhubiri hunong’ona halafu hupaza sauti. Likizidi, yote yanakuwa na nguvu moja na sikio halipati pumziko.

Kwa hiyo kinachochosha zaidi ni kazi ya ubongo kutafuta maneno ndani ya sauti mbovu. Mwaka 1968 mtafiti Patrick Rabbitt alionyesha kwamba watu waliosikia tarakimu katikati ya kelele walizikumbuka kidogo, hata kama walikuwa wamezisikia sawasawa. Vivyo hivyo, mtu anaweza kusikia kila neno la mahubiri na kurudi nyumbani na machache.

Nguvu ya sauti nayo ina mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisipite saa 40 kwa juma. Kwa desibeli 90, saa 4 tu.

Basi, wanaoshughulikia sauti kanisani waanze na haya:

– Mikro iwe karibu na kinywa.
– Bafle zikikwaruza, mpunguze sauti.
– Jenereta iwekwe mbali na mlango.
– Mahubiri yarekodiwe kutoka kwenye meza ya sauti, si kwa simu iliyoachwa kwenye benchi la nyuma.
– Faili ibanwe mara moja tu, kabla ya kutumwa.