Ajali imeua, lakini dereva ana kosa? Sheria ya Kenya inavyopima uendeshaji wa hatari

Ajali ikitokea na mtu akafa, waliosimama kando ya barabara huwa wameshatoa hukumu kabla polisi wa trafiki hawajafika. Jamaa alikuwa anakimbiza gari, basi ana kosa. Mahakamani mambo hayaendi hivyo.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inaligusa jambo hili katika vifungu vitatu. Kifungu cha 47 kinamhusu anayeendesha gari kiholela, au kwa kasi au namna iliyo hatari kwa umma. Kifungu cha 46 ni kosa hilohilo, ila hapa mtu amekufa. Cha 49 ndicho chepesi: kuendesha bila uangalifu, au bila kuwajali wengine walio barabarani.

Maneno ya kifungu cha 47 yana asili yake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1930. Waingereza wenyewe wameshayabadilisha zaidi ya mara moja. Kenya bado inayo.

Kasi peke yake haimalizi kesi

Kifungu hicho hakitaji kilomita ngapi kwa saa ndizo hatari. Kinamtaka hakimu aangalie hali nzima: barabara ni ya namna gani, iko katika hali gani, inatumiwa vipi, na magari yaliyokuwepo au yale ambayo dereva alipaswa kuyatarajia.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa chini ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa katikati ya mji na bado akawa na kosa, kama ilikuwa siku ya soko na watu wamejaa hadi kwenye lami. Mwingine akazidisha kidogo kwenye barabara nyeupe alfajiri, akaishia na kosa la kuzidisha mwendo tu.

Neno linalosahaulika ni "namna". Kulipita gari lingine kwenye kona usiyoona mbele ni namna. Hata lori linaloteremka Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta, linaingia hapo. Injini haisaidii tena kulishikilia gari, breki zinabeba mzigo wote, na zikishapata moto zinakataa.

Na si lazima gari liwe linatembea. Kifungu cha 46 kinamshika pia aliyeliacha gari barabarani mahali au katika hali iliyo hatari, kisha mtu akafa. Lori limeharibika usiku, halina taa, halina pembetatu za kuakisi mwanga, dereva ametupa matawi mawili ya mti nyuma na kwenda kulala. Matawi hayo hayatamwokoa.

Lazima pawe na kosa la dereva

Hapa ndipo kesi nyingi hukwama. Mwaka 1979, katika kesi ya Orwenyo Missiani, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba haitoshi hali kuwa ya hatari. Lazima kuwe na kosa la dereva lililoileta hali hiyo. Si lazima awe alikusudia. Inatosha kwamba alishuka chini ya uangalifu au ustadi wa dereva mwenye uwezo na uzoefu.

Msimamo huo ulitokana na kesi ya Gosney ya Uingereza, mwaka 1971. Mwanamke mmoja aliingia upande usio wake kwenye barabara ya njia mbili. Hatari ilikuwa wazi kabisa, lakini alitaka kuonyesha kwamba makutano yenyewe yalikuwa yanapotosha, na mahakama ya kwanza ikakataa kupokea ushahidi huo. Hukumu ikafutwa.

Ndiyo maana breki zinazokatika ghafla bila dalili yoyote zinaweza kumtoa dereva hatiani. Kama alijua tangu asubuhi kwamba breki ni mbovu, huo si utetezi. Usingizi vilevile: hauji bila kubisha hodi, na aliyeendelea kuendesha huku anasinzia alikosea pale alipokataa kusimama.

Upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Unahitaji mtu aliyeona gari likiendeshwa, mchoro wa eneo la ajali, na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kuonyesha tu kwamba gari liligonga na mtu akafa hakutoshi, hata kama kijiji kizima kina hasira.

Adhabu, na haki ya familia

Kifungu cha 47, kwa kosa la kwanza, ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Cha 46 kinafika miaka 10, na leseni inafutwa kwa miaka 3.

Familia nyingi hushangaa dereva aliyeua akilipa faini na kurudi nyumbani. Eti kifungu cha 46 si kinataja kifungo tu? Ni kweli, lakini kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kutoza faini badala yake. Inauma, ila ni halali.

Fidia ni kesi nyingine kabisa. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo inaisaidia sana familia katika kesi ya madai, ingawa bado anaweza kudai kwamba marehemu naye alichangia. Akiachiliwa, mlango haujafungwa, kwa sababu kipimo cha ushahidi katika madai ni chepesi zaidi. Muda wa kushtaki ni miaka 3, na kungoja kesi ya trafiki iishe kwanza kumewapotezea wengi muda huo.