Kuzama, Kuzamishwa na Kuzamia: Historia Fupi ya Istilahi

Mfasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe akutanapo na habari za sili au ngwini ashukaye baharini kutafuta samaki, mara nyingi huandika tu kwamba mnyama huyo "anazama". Historia ya utafiti wenyewe yatuonyesha kwamba neno hilo halitoshi.

Mwaka 1870 Paul Bert, mtaalamu Mfaransa, alieleza jinsi mapigo ya moyo wa bata yanavyopungua atiwapo majini. Mwaka 1940 Per Scholander wa Norwei alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya sili na ndege: moyo hupunguza mapigo, misuli hunyimwa damu na kutumia akiba yake yenyewe ya oksijeni, akiba ikiisha, asidi ya laktiki hujikusanya humo, kisha humwagika katika damu mnyama apatapo hewa tena. Kazi hii ilikuwa kubwa. Hata hivyo, wanyama hao walifungwa na kushikiliwa chini ya maji. Hawakushuka kwa hiari yao, walizamishwa.

Gerald Kooyman, Mmarekani, alifuata njia nyingine huko Antaktika. Aliwafunga wanyama vipimo vya kina, akawaacha wapite kwenye tundu la barafu na kurudi watakapo. Mwaka 1966 alitangaza kwamba sili wa Weddell hufika mita 600 na kukaa chini dakika 43. Mwaka 1971 ikajulikana kwamba ngwini mkubwa hufika mita 265. Mwaka 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba mbizi nyingi za sili hazizidi dakika 20 hivi, wala haziongezi asidi ile katika damu. Sababu ni chakula. Amalizaye akiba yake hulazimika kupumzika muda mrefu. Arudiye mapema huweza kushuka tena upesi, akapata samaki wengi zaidi.

Kiswahili kinayo kauli ya kutendea kwa jambo hili hasa. Mzamia lulu hushuka kwa kusudi, naye hutaraji kurudi na alichokifuata. Kwa hiyo twapendekeza "kuzamishwa" litumike kwa majaribio ya maabara, "kuzamia" kwa mnyama afuataye chakula, na "kuzama" liachiwe chombo au kiumbe kiendacho chini pasipo kusudi. "Kupiga mbizi" libaki neno la jumla. Ni kweli kwamba siku hizi mzamiaji ni pia msafiri wa kujificha melini, lakini muktadha huondoa utata huo.

Hili si suala la madaha ya lugha. Mwanafunzi asomaye kwamba "sili azamapo misuli yake hukosa oksijeni" atadhani kuwa yaliyompata mnyama aliyefungwa ndiyo maisha yake ya kila siku baharini. Kosa hilo halitakuwa la mtafiti, bali letu sisi tuliochagua neno.