Jaji aliyekimbia wadai

Mfanyabiashara mmoja wa South Carolina aliliuzia jimbo la Georgia bidhaa wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, akafa bila kulipwa. Msimamizi wa mirathi yake, Chisholm, alipofungua kesi katika Mahakama ya Juu, Georgia ilikataa kujitetea. Jimbo, ilishikilia, haliburutwi kortini na raia. Mwaka 1793 majaji wanne kati ya watano walisema linaburutwa.

Aliyelifafanua jambo hilo kwa kina ni jaji James Wilson. Kwake, wenye mamlaka ni wananchi. Na kama mtu mmoja aliyeahidi kulipa huwajibika mbele ya jaji, watu walioahidi kwa pamoja hawaponi. Majimbo yalihamaki, na kufikia 1795 Katiba ilikwisha kurekebishwa kuizima hukumu hiyo.

Wilson, Mskoti mzaliwa wa 1742, ni mmoja wa watu sita tu waliotia saini Azimio la Uhuru na Katiba pia. Katika mkutano wa Katiba wa 1787 alitaka rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Huyo huyo ndiye aliyependekeza watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, doa ambalo wanaomsifu hulipita mbio. Hakuwa na haya ya kujipendekeza: mwaka 1789 alimwandikia George Washington akiomba ujaji mkuu. Akapewa ujaji wa kawaida.

Kilichommaliza ni ardhi. Alinunua maeneo makubwa kwa mikopo akitegemea bei ipande, na ilipoporomoka, wadai wakamwandama. Mwaka 1797 alifungwa kwa deni huko New Jersey, akatoka, akakimbilia kusini. Huko nako alitiwa ndani na Pierce Butler, aliyetia saini Katiba pamoja naye, akimdai dola 197,000. Muda wote huo alikuwa bado jaji. Hakuna aliyemvua cheo.

Alifariki Agosti 1798 katika nyumba ya wageni mjini Edenton, North Carolina, baada ya kuugua malaria na kiharusi. Edenton ulikuwa mji wa James Iredell, jaji pekee aliyempinga katika kesi ya Chisholm. Kiti cha Wilson kikachukuliwa na Bushrod Washington, mtoto wa ndugu wa rais wa zamani George Washington, aliyesomea sheria ofisini kwa Wilson.