Demokrasia Inapodhoofika: Ukimya wa Wananchi na Mafundisho ya Kanisa

Demokrasia hudhoofika pale chaguzi zinapoendelea kufanyika huku uhuru wa kukutana, kusema na kuhoji ukipungua hatua kwa hatua. Wengi hudhani kwamba mwananchi anayenyamaza katika kipindi hicho ameikataa demokrasia. Sisi tunaona kwamba mara nyingi amekata tamaa, au anaogopa.

Historia yetu yatutahadharisha tusiyasome maoni ya watu kwa haraka. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni ya Watanzania, na takriban asilimia 80 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Hata hivyo, wengi miongoni mwao walitaka mfumo huo urekebishwe. Tume ikapendekeza vyama vingi, navyo vikarejeshwa mwaka 1992.

Idadi ya wapigakura nayo yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2015 walijitokeza takriban asilimia 67 ya walioandikishwa. Mwaka 2020, takriban asilimia 51. Kati ya chaguzi hizo, mwaka 2016, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo liliondolewa Januari 2023 tu. Katika ujumbe wao wa Kwaresima ya mwaka 2018, maaskofu wetu walionya juu ya kubanwa kwa uhuru huo. Kisha uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uligubikwa na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti.

Kwetu Kibirizi, hofu ina sababu zake. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa ya nchi yao walifika Kagunga, na meli ya Liemba ikawaleta Kigoma. Aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akiipenda amani kuliko mabishano ya siasa. Lakini hofu hiyo isitufikishe kwenye hitimisho kwamba kunyamaza ndiko kulinda amani. Nabii Isaya (32:17) afundisha kwamba amani ni tunda la haki. Pasipo haki, utulivu ni wa muda tu.

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayamchagulii mwamini chama. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus (1991, na. 46), afundisha kwamba Kanisa lathamini demokrasia kwa kuwa huwashirikisha raia na kuwawezesha kuwawajibisha na kuwabadilisha viongozi wao kwa njia ya amani. Katekisimu (na. 2240) yaweka kupiga kura miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia.

Kwa hiyo, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, tusimhukumu jirani aliyekata tamaa. Tumsikilize, tuwaombee marehemu na wafiwa, na tuendelee kuhudhuria mikutano ya mtaa, kudai taarifa za mapato na matumizi, na kusema kweli bila matusi. Demokrasia hujengwa upya kwa mazoea madogo kama hayo.