Sarakasi si vioja

Katika matatu za Matasia, haipiti siku bila kumsikia abiria akisema: "Hizo za wanasiasa ni sarakasi tu!" Magazeti nayo huandika 'sarakasi za bungeni'. Je, neno hili limetoka wapi?

Asili yake ni Kilatini, circus, yaani duara. Mnamo 1768 Philip Astley alianza kuonyesha jijini London michezo ya farasi waliokimbia kwa kuzunguka. Mwaka wa 1782 mshindani wake, Charles Hughes, akauita ukumbi wake Royal Circus. Neno lilipoingia Kiswahili kupitia Kiingereza, irabu zilipachikwa ili litamkike: sa-ra-ka-si. Duara likabaki nyuma. Kwetu sarakasi ni michezo ya kuruka, kupinda viungo na kutembea juu ya kamba.

Visawe vyake je? Wapo wanaotaja mazingaombwe na kiinimacho. La hasha! Hizo ni hila za kumhadaa mtazamaji. Mwanasarakasi hahadai, akikosea, anaanguka kweli. Vioja na vitimbi navyo ni vituko vya kushangaza au kuudhi.

Tanzania iliunda kikundi cha taifa cha sarakasi mwaka wa 1969. Jijini Nairobi, iliyokuwa sinema ya Shan, Ngara, ikawa makao ya Sarakasi Trust. Vijana wa fani hii hufanya mazoezi kwa miaka. Tukiyaita matusi ya bungeni sarakasi, tunawavunjia heshima hao na kuwapa sifa wasiostahili. Tuseme vioja, basi.